Usiku wa Kuamkia Alhamisi

Mvua ya Tukuyu haijui kuaga. Tangu magharibi
inapiga bati la ofisi ya ushirika,
nami nimejikunyata ndani ya koti la baba na soksi mbili mbili,
nasoma daftari la seva
kama makarani wa zamani walivyosoma karatasi za mizani:
kidole juu ya mstari, midomo ikitembea.

Mengi humu ni porojo.
Tupokigwe wa mapokezi kakosea nywila mara tatu, ya nne kaingia;
kila Jumatatu ndivyo alivyo.
Printa imelalamika haina karatasi.
Saa ya seva imejirekebisha, nusu sekunde.
Mashine huweweseka usiku kucha kama mgonjwa wa homa,
na kazi yangu ni kulijua
neno ambalo si la homa.

Kisha hili.
Saa nane na dakika kumi na nne:
tukio 4624, mtu ameingia. A. Mwaisumo.
Papo hapo 4672: amepewa haki maalumu.
Nikaondoa kidole kwenye skrini
kana kwamba kimeungua.

Ambakisye Mwaisumo alikuwa karani wa mizani, kituo cha Kyimo.
Akaunti yake ilijua mambo matatu:
jina la mkulima, kilo, tarehe.
Haikuwahi kupanda hata ngazi moja.
Naye mwenyewe tulimzika mwezi wa sita,
udongo umelowa, mipini ya majembe ikiteleza mikononi,
na hakuna aliyekumbuka, mimi wa kwanza,
kumfungia mlango wa huku.

Maiti haombi funguo.
Basi nani kamwamsha?

Nikarudi nyuma, mstari kwa mstari,
kama mtu anayefuata tope la viatu sebuleni.
Jumatano, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni,
4688: limefunguliwa lile dirisha jeusi la amri.
Dakika moja baadaye, 4732:
Mwaisumo ameongezwa katika kundi la wasimamizi.
Ameongezwa na nani?
Daftari halina haya, halina mkwe wala jirani.
Limeandika jina langu.

Jumatano jioni nilitoka kufuata mahindi ya kuchoma.
Dakika kumi. Haya, kumi na tano.
Mashine niliiacha wazi, kiti kikiwa bado na joto langu.
Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa;
sikujua kwamba nguo yenyewe
yaweza kuwa jina.

Nafungua hesabu za malipo ya Ijumaa.
Bibi Numwagile, majani mabichi, kilo arobaini na moja.
Sasa ni thelathini na tisa.
Jirani yake kapungua mbili. Anayefuata, mbili.
Majina mia tisa, na kila kikapu kimeng'atwa kidogo,
padogo pasipouma.

Nina uwezo wa kulifuta daftari hili lote.
Sitadanganya: mkono ulikwenda.
Nina mkopo wa kiwanja, nina mtoto kidato cha pili,
na nani ataamini habari ya mahindi?
Lakini ukilifuta,
mstari wa kwanza wa daftari jipya ni 1102:
daftari limefutwa, saa fulani, na fulani.
Ukifagia nyayo, wataona ufagio.

Nimeifunga akaunti ya Ambakisye. Lala sasa, kaka.
Yangu nimeifunga pia, baada ya kutuma nakala kwa mkaguzi Mbeya.
Printa bado haina karatasi,
kwa hiyo nanakili kwa kalamu
mgongoni mwa stakabadhi zake za zamani, zenye harufu ya majani:
saa, nambari, jina.
Jina langu nimeliandika kwa herufi kubwa.

Asajile mlinzi anagonga dirisha na chupa mkononi,
anauliza kama nitakunywa chai.
Namtazama viatu kwanza.